Dawa Haikunifanya Kitu

Karungu,
Alhamisi, 10 Julai 2025

Kwako okewa Marion, mtoto wa dada yangu, muuguzi wa Homa Bay nzima,

Salamu. Mimi ni mzima, tena mzima kwa karatasi. Ninaandika kwa sababu simu ya hapa ni ya Dolphine, na sikio langu la kushoto liliuawa na injini za boti. Ukipiga lazima mke wangu aweke spika, na akiweka spika Karungu yote inajua nimekwenda choo mara ngapi. Barua ni yangu peke yangu. Na ni Kiswahili, kwa maana baba yako Gisiri alikulea kwa Kikuria ukakosa lugha ya mjomba wako. Nimemsamehe.

Sasa sikia. Jumatatu tulilala kwa mama yako pale Migori, Jumanne saa tano kasoro tukawa hospitali Kisumu. Walinilaza kwenye meza nyembamba kama ubao wa kupasulia samaki mbuta. Daktari ni mama mmoja mfupi, Daktari Kemuma, mkono wake umetulia. Angekuwa hana kazi ningemwandika fundi wa injini kwangu kesho. Akapitisha kamrija hapa kwenye kifundo cha mkono, na ndani ya kamrija akapitisha waya mwembamba kuliko uzi wa wavu wa omena. Ule waya ukatembea mpaka kwenye mishipa ya moyo. Mbele yake una kidude cha kupima presha. Mimi niliuona kwenye televisheni yao, nikawa namwelekeza: kulia kidogo, mama, sasa kata kona. Alinishukuru sana.

Alinieleza kama fundi anavyomweleza fundi. Mshipa mkubwa wa mbele umebana mahali, picha imeonyesha. Lakini kubana si hoja, hoja ni kama moyo unanyimwa damu. Basi unapima presha kabla ya pale pembamba, unapima na baada ya pale, unalinganisha. Kabla ikiwa mia na baada ikawa themanini au chini, moyo una njaa, wanaweka kispringi cha kuupanua mshipa. Ikiwa juu ya hapo unarudi nyumbani na vidonge. Nikamwambia, mama, hiyo ni paipu ya mafuta, nimeisoma tangu ukiwa shule ya msingi.

Ila kwanza wanakutia dawa ya kuifanya damu ikimbie, maana huwezi kupima paipu injini ikiwa imelala. Dawa hiyo, Marion! Jamaa wa Rangwe aliyenitangulia, mwili kama friji ya duka, alitoka akisema alidhani ng'ombe amemkalia kifuani. Mimi? Wakanitia, wakangoja. Daktari akauliza, "Mzee, unasikia nini?" Nikasema nasikia njaa. Dawa ikaendelea kuingia. Nikapiga miayo. Dawa haikunifanya kitu! Daktari mwenyewe alitazama mashine, akanitazama mimi, akatazama mashine tena. Themanini na sita! Vidonge, nyumbani.

Kwa hivyo ile boti ya Willis iliyozama mwezi jana na injini yake, ambayo tumeikokota mpaka maji ya kiunoni, tunaivuta nchi kavu Jumapili ya tarehe ishirini. Wanaume arobaini, na mbele ya kamba ni mimi. Unakumbuka nilivyoivuta ya Chrispine kwa mkono mmoja na kiboko kakaa ndani.

Mimi mjomba wako, moyo wa chuma,
Nicanor Oyaro


Homa Bay,
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa Mjomba,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu sikucheka.

Mjomba, naomba unijibu jambo moja tu, na ulijibu bila kiboko. Ile dawa kazi yake ni kufungua vijishipa vidogo vya moyo ili damu ikimbie. Karibu kila mtu huisikia: uso kuwaka, pumzi kukata, kifua kubana dakika mbili tatu. Yule wa Rangwe hakuwa mwoga, dawa yake ilikuwa inafanya kazi. Wewe ulipiga miayo. Nimeshindwa kulala na hiyo miayo yako.

Kuna vitu vinavyoizuia dawa hiyo isishike: chai, kahawa, soda nyeusi, kokoa. Ukivinywa siku hiyo, hata siku ya kabla yake, damu haikimbii inavyotakiwa, na namba inapanda. Inakuwa nzuri kuliko moyo wenyewe. Ndiyo maana kwenye karatasi niliyokutumia niliandika kwa wino mwekundu usiguse chai wala kahawa kuanzia Jumatatu asubuhi.

Uliifuata?

Mpaka nipate jibu, tafadhali usiivute hiyo boti. Wanaume thelathini na tisa wanatosha.

Wako mtiifu,
Marion


Karungu,
Jumanne, 15 Julai 2025

Kwa Marion Gisiri,

Nimeipokea barua yako kutoka kwa dereva wa vifurushi na nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa hasira.

Kumbe wewe waniuliza mimi kama nimekunywa kahawa! Mimi niliyebatizwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mchungaji aliteleza tukazama wote nikamwokoa mimi. Mimi mzee wa kanisa, mume wa shemasi, ambaye mwezi ujao nitafungua makambi kwa maombi mbele ya makanisa kumi na moja. Nyumba hii haijachemsha jani la chai tangu tuingie kanisa la Sabato.

Hata pale Kisumu muuguzi aliniuliza, "Baba, umekunywa chai, kahawa au soda tangu jana?" Nikajibu hapana, wazi, Dolphine kasimama pembeni ni shahidi. Wameandika.

Na hiyo karatasi yako ya wino mwekundu naijua. Ni ile ile ya kila mwaka. Mwaka jana ilikuwa acha chai, mwaka juzi acha kahawa, mwaka wa kabla yake acha sukari na pilipili. Wewe ni mtoto mzuri lakini tangu ukaingia ile idara ya afya ya kanisa huwezi kuandika salamu bila kumkataza mtu kinywaji. Dawa haikunifanya kitu kwa sababu ya mwili wenyewe. Kuna watu sumu ya nyoka haiwashiki. Mimi niliumwa na swila Ndhiwa, swila akafa.

Kazi ya boti iko pale pale. Siku hizi nashuka ufuoni kwa vituo viwili, lakini si kuchoka, ni watu wananisimamisha kuniuliza habari za Kisumu.

Na usimpigie Dolphine. Narudia, usimpigie.

N. Oyaro, Mzee wa Kanisa


Homa Bay,
Jumatano, 16 Julai 2025

Kwa Mzee Noordin, duka la spea, Migori,

Salamu kwako na kwa Mama Sainab. Natumaini biashara inakwenda vizuri.

Nisamehe kwa kukuingiza katika jambo la familia yetu. Mama yangu ameniambia kwamba asubuhi ya tarehe nane, kabla ya safari ya Kisumu, Mjomba Nicanor aliondoka nyumbani kwake saa kumi na mbili akisema anakwenda kwako kununua plagi, akarudi baada ya nusu saa bila plagi. Jioni ya Jumatatu pia alipita kwako.

Nauliza kama muuguzi: alikunywa kitu? Sitaki kumfedhehesha mtu. Kuna namba moja kwenye faili yake hospitali, na Jumapili hii anataka kuweka maisha yake juu ya namba hiyo.

Kwa heshima,
Marion Gisiri


Migori,
Alhamisi, 17 Julai 2025

Bi Marion,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma nikaifunga, nikamhudumia mteja, nikaifungua tena. Mtu kutoa siri ya rafiki yake si jambo jepesi. Lakini umeuliza kama muuguzi, nami nina umri wa kujua tofauti.

Mjomba wako anakunywa kahawa kwangu tangu nilipofungua duka hili, miaka kumi na tisa. Kuna pazia nyuma ya kaunta. Mke wangu Sainab anaweka birika pale, kahawa chungu ya tangawizi, na mzee anaingia kana kwamba anatafuta gasketi. Anakunywa, anatafuna karafuu, anakwenda kwa mkewe akinuka karafuu. Sijawahi kumwambia mtu. Ni siri yake pekee ambayo hajaipamba, na pengine ndiyo sababu nimeipenda.

Jumatatu jioni alikunywa vikombe vinne. Jumanne alfajiri, nimetoka msikitini, akaja akanywa vitatu. Nilimwuliza, wallahi nilimwuliza: "Oyaro, si unakwenda hospitali? Hukukatazwa?" Akacheka. Akasema, "Nimekatazwa chakula, na sijala. Kahawa amekataza Marion, si daktari. Hiyo ni Sabato yake." Nami nikammiminia. Kwa mkono huu.

Hakukusudia kuwadanganya madaktari. Aliamini analidanganya kanisa tu, kama siku zote. Alinisimulia mwenyewe: hata pale hospitali aliposema hapana, mkewe alikuwa amesimama karibu. Angejibu nini?

Niambie la kufanya. Ukiandika barua, niletee, nitaipeleka Karungu mwenyewe Jumamosi.

Noordin Abdirahim


Homa Bay,
Ijumaa, 18 Julai 2025

Mpendwa Mjomba,

Anayekupa barua hii ni Mzee Noordin. Usimkasirikie. Nilimwuliza swali ambalo hangeweza kulikwepa.

Vikombe saba, Mjomba.

Sikuandikii kukuhukumu. Naandika kwa sababu kosa ni langu kwanza. Miaka yote hii nimekutumia makatazo, yote kwa wino ule ule na sauti ile ile, ya mbinguni na ya hospitali nikiyachanganya. Wewe ulijifunza kuyapita yote, kama mtu anavyompita mhubiri wa sokoni. Halafu siku moja nikaandika katazo la maisha na kifo, likafanana na mengine. Ningekuwa mimi ningelipita pia.

Sasa nisikilize mara hii tu. Nimezungumza na Daktari Kemuma. Sikumwambia kuhusu kahawa, nimekuachia wewe. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na shaka: mapigo yako hayakupanda hata kidogo dawa ilipoingia. Ile themanini na sita si namba ya moyo wako. Ni namba ya kahawa. Ya moyo wako haijulikani, na picha inaonyesha mshipa wa mbele umebana zaidi ya nusu. Ule mshipa ndio unaolisha sehemu kubwa ya moyo. Mtu akiwa nao hivyo, akavuta boti iliyojaa maji kwa nguvu zake zote, anaweza kuanguka hapo hapo kwenye kamba. Nimewapokea watu wa namna hiyo wodini. Huletwa na wenzao wakiwa na tope magotini.

Na vile vituo viwili vya njiani. Si watu wanaokusimamisha, Mjomba.

Ninayo namba ya Anti Dolphine hapa mbele yangu. Naweza kumpigia sasa hivi. Sijampigia, kwa kuwa nataka jambo hili ulitoe wewe, kwa mdomo wako mwenyewe. Lakini Jumapili saa mbili asubuhi, kama sijasikia kwamba umekaa nyumbani, nitapiga, na ataweka spika.

Marion


Karungu,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Marion,

Ulipiga saa mbili. Simu iliita nyumbani, juu ya kabati, na Dolphine alikuwa ufuoni na uji wa wavutaji. Ndiyo maana haikushikwa. Nakueleza ili ujue hukupuuzwa.

Noordin alinipa barua Jumamosi nje ya kanisa, watu wakisalimiana. Niliiweka katikati ya Biblia, nikaisoma nyuma ya choo. Kisha nikarudi kuongoza darasa la Sabato, somo lilikuwa ukweli. Sitanii.

Nikakusudia kukaa nyumbani. Jumapili asubuhi Willis mwenyewe akaja mlangoni, "Oyaro, watu wanakungoja, bila wewe hakuna wa kuimba." Nikasema nitaimba tu, sitavuta. Nilipofika, kamba ilikuwa imelazwa mchangani na nafasi ya mbele wameiacha wazi. Arobaini kasoro mmoja. Wote wananitazama. Wewe hujui nafasi kama ile inavyomwita mtu.

Nikaishika.

Noordin, ambaye hakurudi Migori, alikuwa amesimama karibu na mizani ya samaki, viatu vyake vya mjini vimejaa maji, anatikisa kichwa. Nikaanza wimbo. Wakaitikia. Tukavuta wa kwanza. Boti ikasogea kama unene wa kidole, na mimi kitu kikanishika hapa katikati, kikapanda mpaka kwenye taya. Kama bolti inayokazwa. Nikaachia kamba, nikakaa.

Willis akasema, "Wee Nicanor, injini imekufa?" Watu wakacheka. Chrispine akasema, "Ngoja, sasa atatuambia ni mamba amemshika mguu."

Nilikuwa na uongo tayari, Marion. Ulishafika kwenye ulimi: bega, lile nililovunja nikipigana na sangara. Kisha nikamwona Dolphine anakuja na sufuria ya uji, anatembea haraka, amekwisha kuniona nimekaa. Nikajua nikisema bega, nitalazimika kusimama kesho na kuvuta tena ili liwe bega kweli.

Nikasema, "Siwezi kuvuta. Moyo wangu ni mgonjwa. Kisumu walipima vibaya kwa sababu nilikunywa kahawa nikawaambia sikunywa. Nakunywa kahawa miaka kumi na tisa."

Marion, walicheka mpaka wengine wakaachilia kamba! Willis alijishika mbavu. "Mzee wa kanisa, kahawa! Hiyo imeshinda ya kiboko." Nikarudia. Wakacheka zaidi. Nilikuwa nasema kweli tupu, kifua kinaniuma, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyeamini. Watu ninaokula nao.

Dolphine hakucheka. Aliiweka sufuria chini, akaja akainama, akaninusa mdomo mbele ya wote. Asubuhi ile sikuwa nimekunywa kitu. Akaniuliza polepole, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akamgeukia Noordin. Noordin akainamisha kichwa.

Akanipeleka nyumbani kwa bodaboda, yeye nyuma yangu amenishika. Nikaweka chini ya ulimi kile kidonge cha dharura walichonipa Kisumu. Kifua kikatulia. Tangu hapo ananipikia, ananipa dawa kwa saa, na hajasema neno. Leo ni siku ya pili. Afadhali angenitukana.

Mwambie daktari. Mwambie vikombe vilikuwa saba na si muuguzi wake aliyekosea. Aliniuliza vizuri.

Nicanor


Homa Bay,
Jumanne, 22 Julai 2025

Mjomba wangu,

Daktari Kemuma amejua yote. Hakukasirika. Alisema, "Sasa naelewa ile miayo."

Ni Jumanne ijayo, tarehe ishirini na tisa. Watapima upya. Ninaambatisha karatasi, na safari hii hakuna neno langu hata moja ndani yake. Ameiandika daktari mwenyewe na kutia sahihi. Vidonge usikose hata kimoja, usibebe hata debe la maji, na maumivu yakizidi dakika kumi usingoje Jumanne. Uletwe Homa Bay kwangu saa hiyo hiyo.

Anti alinipigia jana. Alizungumza dakika moja. Aliuliza kama nilikuwa najua. Nilimwambia nilijua Alhamisi. Akasema, "Basi wewe umenishinda siku tatu," akakata. Mpe muda.

Marion


Kisumu,
Alhamisi, 31 Julai 2025

Kwa Marion,

Naandika nimekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji, kwa hivyo mwandiko usiucheke.

Muuguzi aliuliza swali lile lile. Dolphine alikuwa amesimama pale pale. Nikasema sijanywa chai, kahawa, soda wala kokoa siku tisa sasa. Muuguzi akamtazama Dolphine. Dolphine akasema, "Safari hii ni mimi nimemlinda. Andika." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza marefu tangu ufuoni.

Waya ukaingia. Sikumwelekeza mtu. Kisha wakafungua dawa.

Sijui nikuelezeje. Uso uliwaka. Pumzi ikawa fupi, nikawa navuta hewa na hewa haifiki. Na ile bolti ya Jumapili ikaanza kukaza, hapa, mzunguko kwa mzunguko. Daktari akainama, "Mzee, unasikia nini?"

Nilitafuta. Nakuapia nilitafuta kitu cha kusema, simba, radi, chochote. Hakikuja.

Nikasema, "Naogopa."

Akasema, "Sawa. Dakika moja tu. Niko hapa." Akanishika bega kwa mkono usio na waya. Namba ilikuwa inashuka kwenye televisheni, niliiona mwenyewe: themanini na tano, themanini, sabini na nne. Ikasimama sitini na nane.

Sitini na nane, Marion. Na siku ile nilitaka kuvuta boti.

Wakaweka kispringi, wakapima tena: tisini na tatu. Daktari anasema hiyo ndiyo namba yangu. Nitakula vidonge viwili kila siku mwaka mzima nisiruke hata siku moja, Dolphine ameviandikia daftari.

Jana jioni alikaa hapa kitandani akimenya chungwa. Akasema atakachonidai si kahawa. Alisema, "Ulikuwa tayari nikuzike, ili nisijue." Akanipa nusu ya chungwa. Tukala.

Kuhusu kanisa. Dolphine anasema Jumamosi ya tarehe tisa nitasimama mbele ya watu, nieleze, nivue uzee wa kanisa mwenyewe kabla baraza halijanivua. Makambi atafungua mwingine. Nimekubali. Lakini kuna shida moja na ndiyo ninayokuandikia. Umesikia yaliyotokea ufuoni. Nikisimama pale mimbarini nikasema waya uliingia moyoni mwangu kupitia mkono, nikasema kahawa iliidanganya mashine ya hospitali, nikasema nilikuwa naogopa, watacheka. Chrispine ataanza, na wote watamfuata.

Njoo, okewa. Panda gari la Ijumaa mapema. Njoo na sare yako ya uuguzi, na karatasi mbili za vipimo, ya themanini na sita na ya sitini na nane. Usome wewe. Mimi nitasimama tu kando yako.

Mjomba wako,
Nicanor